Goti la Kulia la Mama Beda

Walburga wa Bombambili, Mama Beda, alikuwa fundi cherehani aliyeshona nusu ya vitenge vya WAWATA, akina mama wa Kikatoliki, parokiani kwake. Nusu iliyobaki aliirekebisha baada ya mafundi wengine kuiharibu. Hayo aliyasema mwenyewe, na hakuna aliyembishia, maana mkasi ulikuwa mkononi mwake.

Usichana wake kule Namtumbo uliishia kwenye kubeba marobota ya tumbaku. Baadaye akakanyaga cherehani miaka ishirini na minane. Alipofika hamsini na mbili, goti la kulia likaanza kumchoma upande wa ndani, pale ambapo magoti mawili husalimiana mtu akisimama wima.

Maumivu angeyavumilia. Kazi ilikuwa mama mkwe. Bibi Ekaristia alikuwa amehamia kwao kutoka Mpitimbi, na kwake yeye mkwe husalimia akiwa amepiga magoti. Salamu ya kusimama ni ya askari wa barabarani. Tangu Pasaka Walburga alisalimia kwa kuinama tu, na tangu Pasaka hakuitikiwa. Kila asubuhi "Shikamoo, mama" yake ilianguka sebuleni kama sahani ya plastiki: haivunjiki, na wala haiokotwi.

Akaenda kupiga eksirei. Wakamlaza kitandani, wakapiga, majibu yakatoka: nafasi kati ya mifupa ni nzuri. Mumewe Kajetani, mtu asiyejua kukaa na habari, akamsomea mama yake karatasi nzima.

"Basi goti zima," bibi akasema. "Kinachouma ni shingo."

Neno lile lilimchoma kuliko goti. Wiki iliyofuata akaenda hospitali nyingine, picha ya kwanza kwapani. Mpiga picha, kijana aitwaye Muhsini, akaiinua kwenye taa.

"Mama, hii walikupiga umelala?"

"Ndiyo, baba. Au nilitakiwa nipigwe nikikimbia?"

Muhsini akacheka. "Goti lina vyumba, mama. Hiki cha ndani ndicho kinachobeba mzigo mkubwa. Kati ya mfupa wa paja na wa muundi kuna gegedu, tuseme godoro. Eksirei hailioni godoro, inaona nafasi yake tu. Ukilala, hakuna aliyelikalia, kwa hiyo mifupa inaachana hata kama godoro limekwisha. Simama, tuone."

Akasimama. Muhsini akapiga, akatazama, akatikisa kichwa.

"Umesimamia mguu wa kushoto."

Ilikuwa kweli, na Walburga hakujua. Miaka mitatu alikuwa akiwaficha wateja kuchechemea kwake, hadi mwili ukajifunza kusema uongo bila kumwomba ruhusa.

"Hapa hatutafuti kupendeza," Muhsini akasema. "Simama kama una ndoo kichwani na nyumbani bado mbali."

Akaumega uzito wake, akauhamishia kulia. Machozi yakamtoka, lakini hakuhama hadi Muhsini alipopiga tena. Kwenye picha ile hata yeye aliona: upande wa nje wa goti mstari mweusi kati ya mifupa ulikuwa wazi, upande wa ndani ulikuwa umefutika, mfupa umekalia mfupa.

Nyumbani, Bibi Ekaristia aliishika filamu dirishani, juu chini. Walburga akamgeuzia.

"Ndiyo yako hii?"

"Yangu, mama. Jina lile pale."

"Jina hata mimi naweza kuandika." Lakini kidole chake kilikuwa kimeshafika upande wa ndani, na kikabaki hapo. "Limekuwa hivi tangu Pasaka?"

"Tangu kabla ya Kwaresima tatu zilizopita."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini, mama? Ulishasema ni shingo."

Kajetani akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nje. Bibi akaikunja midomo, akaitazama tena picha, kisha akausukuma mto wa kochi ukaanguka karibu na kigoda.

"Weka mto juu ya kigoda, ukae. Nyoosha mguu. Haya, nisalimie."

Walburga akakaa, kichwa chake chini ya kile cha mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ila sauti ishushe. Kilichoharibika ni goti, siyo koo."