Ekseli ya Lori kwenye Pikapu ya Dada

Fundi huyu watu walimwita Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia ndani ya gereji yake mwenyewe. Chai aliinywa amesimama. Simu ikilia, aliongea huku akiyazunguka magari yote, akigonga bodi hii na ile kwa vidole. Mkewe, Mama Mapacha, alipenda kuwaonyesha wageni picha ya harusi yao: bibi harusi mzima, bwana harusi nusu, nusu nyingine imeshatoka nje ya picha.

Mtu wa namna hiyo alijaliwa mdogo wa kike mpenda mbio. Siku za kazi dada huyo alikuwa mwalimu wa udereva, akiwasihi watu wapunguze mwendo. Siku za mapumziko alikimbiza pikapu kwenye mashindano ya kupanda kilima. Injini aliifunga kaka yake, kubwa kuliko ile iliyokuja na gari, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana ekseli ya nyuma iliachwa ileile ya zamani, iliyotengenezwa kubebea magunia ya viazi.

Ikakatika kilimani, kwenye kona kali kuliko zote. Nguvu ikapotea, pikapu ikaanza kurudi kinyumenyume. Dada akatazama kioo, akapinda usukani, akaliingiza gari kwenye rundo la matairi pembeni mwa barabara. Akashuka anacheka. Kiguu, aliyekuwa amesimama hapohapo konani, hakucheka. Alikwenda kuchungulia chini ya gari.

Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka akapata ekseli ya lori dogo, nene kama paja la mpiga mieleka. Akaikata upande na upande ienee chini ya pikapu, akachomelea upya makalio ya springi, pale zinapoketi juu ya ekseli, akafupisha propela iletayo nguvu kutoka kwenye injini, akavuta mabomba mapya ya breki. Kazi yote hiyo aliifanya huku ananung'unika peke yake.

Ugomvi ulikuja kwenye gia za difu, lile bonge la katikati ya ekseli linalopeleka nguvu magurudumuni.

"Naweka gia nzito," alisema Kiguu. "Gari livute. Utoke kwenye ile kona bila kulikamua."

"Na ule mnyooko wa mwisho?" dada aliuliza. "Injini italia mpaka basi na mwendo hautaongezeka. Mshindi anapatikana pale, kaka."

"Kona ndiyo ilitaka kukuua."

"Ilitaka kunirudisha nyuma tu."

Kiguu hakumsikiliza. Akaweka gia nzito, mpya, na mateso yakaanza. Meno ya gia lazima yagusane katikati, si kwenye ncha wala kwenye shina. Fundi huyapaka rangi, akazungusha, akaangalia rangi imefutika wapi, kisha huongeza au hupunguza vile vibati vyembamba vya kusogezea. Alama ikatoka nzuri. Akafunga. Kesho yake akafungua tena, eti pengine hakuona vizuri. Ikatoka nzuri vilevile. Akafungua tena.

"Baba Mapacha," mkewe alimwambia, "hilo difu lingekuwa na mdomo lingekushtaki."

"Nahakikisha tu."

"Unahakikisha nini ambacho jana hakikuwepo?"

Dada alipokuja akakuta mfuniko wa difu uko sakafuni kwa mara nyingine. Akavaa koti la kazi la wifi yake, akaangalia ile alama ya rangi, akafunga mfuniko, akamimina oili. Kiguu alimzunguka kama kuku aliyepotelewa na kifaranga.

"Ingia garini," dada akasema.

Gia mpya hazitaki pupa. Hutembezwa taratibu mpaka meno yazoeane, kisha gari hupumzishwa, difu lipoe. Hivyo wakaenda mwendo wa mgonjwa, baiskeli zikiwapita, Kiguu shingo ameielekeza nyuma akitega sikio. Walipoegesha kando ya barabara alikuwa chini ya gari kabla injini haijazimwa.

Dada aliketi nyuma, kwenye ubao wa bodi. "Kaka, njoo ukae."

"Nimekaa."

"Umechuchumaa. Njoo."

Akaenda, akakaa, mguu ukiendelea kugonga.

"Siku ya mashindano usisimame kwenye ile kona," dada alisema. "Nikifika pale nakuona wewe kwanza, barabara baadaye. Siku ile ulikuwa umeshika kichwa hata kabla ekseli haijakatika. Nikakanyaga mafuta ili nikupite haraka."

Mguu wa Kiguu ukasimama. "Kwa hiyo ni mimi."

"Chuma kilikuwa kimechoka, usijibebeshe. Nikuone chini, au nikuone juu. Pale katikati niachie mwenyewe."

"Nitajaribu," akasema Kiguu.

Siku ya mashindano alibaki chini na mkewe. Pikapu ilipoondoka akaifuata kwa masikio tu. Gia ya pili, ya tatu, zikipokezana haraka kuliko zamani, mlio ukipanda na kupanda. Kisha mwamba ukaumeza mlio wote. Hapo ndipo kona ilipokuwa. Kiguu akaanza kupanda kilima kwa miguu, wala hakujua kwamba anatembea. Mama Mapacha akamkamata shati.

"Ulimwahidi."

"Mbona kimya?"

"Subiri, mume wangu."

Mlio ukatokea upande wa pili, mzito, wenye afya. Ekseli imeshika. Kiguu alivuta pumzi iliyofika mpaka tumboni. Lakini gari lilipoingia mnyooko, akasikia injini inalia kwa sauti ileile moja, imefika mwisho wake, haina pa kwenda. Akajua. Kipaza sauti kikatangaza: nafasi ya pili.

Dada alirudi chini, uso umejaa vumbi na furaha. "Kwenye kona nimetoka kama nimesukumwa mgongoni."

"Na kwenye mnyooko?"

"Nilikuwa napiga kelele tu, kaka."

"Uliniambia," Kiguu alisema.

"Nilikuambia."

Wiki iliyofuata alikuwa tena kwa wauza vyuma, akizunguka kati ya marundo, simu sikioni. Alikuwa ameona seti mbili za gia, zote nyepesi kidogo kuliko ile aliyofunga. Muuzaji alimwuliza anachukua ipi. Kiguu akamwonyesha mkono asubiri.

"Dada," alisema kwenye simu, "wewe unataka ipi?"