Mtoto Ndani ya Kanzu

Binti yetu wa kwanza alizaliwa Changamwe miaka ya vita, kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba mkunga alipompokea alinyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote zilizotangulia. Kisha nikaitwa ndani. Mkunga alikuwa mama wa Kirabai aliyekaa Chaani, mtu aliyezoea kuwaamrisha wanaume, akanitazama kutoka kofiani hadi miguuni.

"Mwalimu, vua kanzu."

Nikamuuliza ya nini.

"Huyu mwana hana joto lake mwenyewe. Apewe la mtu, mchana na usiku, mpaka anenepe. Mamake ana homa, yuwatetemeka. Waliobaki nyumba hii ni wewe na kuku."

Nikavua. Akamlaza mtoto kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, kichwa chake chini ya kidevu changu, akamfunga kwa leso ya mke wangu, fundo likaja mgongoni. Nilikuwa nimebeba mengi maishani, hata majeneza, lakini mtoto mchanga sikuwahi. Hakuwa na uzito wa kutaja. Nilisikia kucha zake tu, na pumzi inayokuja na kukatika, inakuja na kukatika.

"Usimlaze hata akisinzia," mkunga akasema huku akinawa mikono. "Ukimlaza atapoa. Akipoa, mimi usiniite."

Sasa yafaa mjue kwamba nilikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa mtaa walisoma Kurani kwenye baraza yangu, na kwa sifa nilizokuwa nazo, mtoto aliyekosea aya alianza kulia kabla sijainua bakora. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyefungwa leso ya maua kifuani. Mwanamume wa kwetu akionekana na mbeleko, watu huuliza mkewe amemlisha nini. Nilijua watauliza. Nikachukua kisu, nikaipasua shingo ya kanzu ili mtoto apate hewa, na nguo siku zile zilikuwa adimu mpaka watu wakivaa magunia. Nikaivaa kanzu juu ya mtoto na leso, nikatoka nikaketi mahali pangu barazani.

Wanafunzi walitazama kitambi changu kipya. Kikapiga chafya. Mmoja akacheka, nikamwangalia, akaacha.

Tukaendelea hivyo. Mke wangu, homa ilipompa nafasi, alikamua maziwa ndani ya kikombe cha kahawa, nami nikamdondoshea mtoto kwa pamba, tone baada ya tone, huku nikisikiliza sura inasomwa. Majirani walitupikia na kutufulia, Mungu awalipe, lakini kila mmoja alikuwa na wake wa kunyonyesha. Nililala nimekaa, nimeegemea ukuta. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na kwa kuwa mimi nikiogopa huwa mkali, watu walidhani nimekasirika tu.

Kilicholeta maneno hasa ni mkojo. Vitabu vyetu vinasema kwamba mkojo wa mtoto wa kiume asiyekula kitu ila maziwa hunyunyiziwa maji ikatosha, bali wa kike lazima uoshwe. Hilo nililifundisha miaka mingi kwa mdomo. Sasa nilikuwa nalifundishwa na kanzu yangu mwenyewe. Kila wakati wa sala nilimpa mtoto mama yake au jirani, nikaoga, nikabadilisha, nikasali, nikamrudisha upesi. Msahafu sikuushika, nilisomesha kwa moyo, kwani nilikuwa nimehifadhi. Sheria niliifuata yote. Lakini mtaani ilisemwa kwamba mwalimu anasomesha maneno ya Mungu akiwa amelowa, na wazazi wengine wakawatoa watoto wao.

Ndipo akaja ami yangu, ndugu mkubwa wa marehemu baba. Yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha, na chuo kile kilikuwa chake kabla hakijawa changu. Alikuwa mtu wa sheria. Sijapata kumwona akichelewa sala wala akipunguza uradi wa baada ya sala. Alisimama chini ya baraza, hakupanda.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Mwanangu, huoni haya?"

"Haya naona, Ami."

"Basi mlaze mwana kitandani. Mola akitaka aishi, ataishi. Wewe si mwanamke, na hapa si jikoni. Nakupa mpaka Ijumaa. Ama chuo, ama mbeleko."

Damu ikanipanda. Nilitaka kumjibu maneno ambayo mtu hamjibu aliyemlea. Nikaweka mkono juu ya kanzu, nikahesabu pumzi za mtoto mpaka ulimi ukapoa.

"Sina haja ya kungoja Ijumaa, Ami. Chuo chukua."

Akaondoka bila kuaga. Mke wangu alisikia yote kutoka kitandani; nilipoingia alikuwa analia, akaniambia nitakufa maskini. Nikamwambia nitakufa hivyo hivyo na mtoto nimembeba. Sikuwa natania.

Ijumaa ilipofika mke wangu alizidiwa na homa, hata kumshika mtoto hakuweza, na majirani walikuwa mazikoni Mikindani. Msikitini sikwenda. Adhuhuri niliisali baada ya jirani mzee kunishikia kidogo, naye akaenda zake. Alasiri ikanikuta sina wa kumpa mtoto, na kanzu imelowa. Nilikuwa nazunguka ukumbini nikitafuta la kufanya nilipomsikia ami akikohoa mlangoni. Alikuwa ametoka msikitini kuja kuchukua chuo chake, na kanzu yake ya Ijumaa, na joho, na harufu ya udi.

"Hukuonekana msikitini," akasema.

"Mwana hana wa kumshika. Na Alasiri bado sijaisali. Nishikie, Ami, nisali."

Mtu anaweza kumkatalia mtoto wa nduguye mambo mengi, lakini yeye hangeweza kumzuia mtu sala. Nikafungua kanzu. Hakuwa amemwona mtoto bado. Alipoona kile kichwa, kisichojaza hata kiganja, uso wake ulibadilika kabisa.

"Yuwapumua?"

"Mpaka sasa. Akikaa nje ya mwili wa mtu, ataacha."

Akavua joho akaliweka chini, yeye ambaye nguo zake hazikuwahi kugusa sakafu. Akafungua kanzu yake ya Ijumaa hadi kifuani. Nikamfunga leso kama mkunga alivyonifunga mimi, nikakaza fundo mgongoni mwa mzee. Nikaenda kuoga na kubadilisha, nikatandika msala pembeni.

Nilisali haraka, Mungu anisamehe, masikio yangu yakiwa kwa ami. Nilipotoa salamu, niligeuka kwenda kumchukua mtoto. Ami alikuwa ameketi kwenye mkeka, amemfunika mgongo mdogo ule kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Sali na suna," akaniambia bila kuyafumbua.

Nikabaki nimesimama. Baada ya Alasiri hakuna sala ya suna. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, kwa bakora, nikiwa mdogo.

Nikarudi nikaketi juu ya msala, nikamwachia mtoto, nikavuta uradi polepole mpaka Magharibi. Kesho yake akaja tena wakati ule ule, na siku zilizofuata pia, na habari ya chuo hakuitaja tena, hata mtoto alipopata nguvu ya kulia mpaka majirani wakalalamika.