Fundi wa makaburi asiye na kaburi la babu

Saa mbili asubuhi, ukungu haujaondoka migombani, na Mujuni Elieza yuko ndani ya shimo, anaonekana kuanzia mabegani tu. Anapanga tofali za kuchoma kuzunguka kuta za kaburi. Anagonga kila moja kwa mpini wa mwiko, anaweka pimamaji, anaguna, kisha anaing'oa ile ya mwisho na kuanza upya. Juu yake wanaume wanne wa familia ya marehemu wamesimama wakimtazama. Mazishi ni saa nane mchana.

"Mwambieni mchungaji asiwe na wasiwasi," anasema kutoka chini. "Saa sita nitakuwa nimetoka humu."

Familia hii ina bahati. Kibanja chao, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kiko mwendo wa robo saa kutoka nyumbani kwa Mujuni, ndani ya kata hiyohiyo ya wilaya ya Muleba. Wangekuwa upande wa pili wa barabara kuu iendayo Biharamulo, ambako kata nyingine inaanzia, wangetafuta fundi mwingine. Barabara ile Mujuni haruhusiwi kuivuka bila barua.

Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, baba wa watoto watatu, mzee wa kanisa, aliyejenga makaburi karibu elfu moja kuanzia Muleba hadi Nyanga, Manispaa ya Bukoba, hawezi kuvuka lami.

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili. Huku wafu hawapelekwi mbali. Wanalala kibanjani, kati ya migomba na mibuni, na ukifika nyumbani kwa watu utaonyeshwa babu kabla hujaonyeshwa choo. Kaburi zuri ni heshima ya ukoo, ndiyo maana jina la Mujuni lilivuma mpaka vijiji vya Izimbya. Kwa kaburi la marumaru hulipwa laki nne za ufundi. Alizoea kupata manne au matano kwa mwezi. Mwezi uliopita alipata moja.

"Barua ya kutoka nje ya kata inachukua siku kumi," anaeleza akijifuta jasho kwa kiwiko. "Sasa niambie, mtu kafa leo anazikwa kesho kutwa. Maiti haisubiri mhuri."

Balaa lilianza msimu wa kampeni za udiwani. Kata iligawanyika vipande viwili kwa neno moja, wahamiaji. Kagaruki, mnunuzi wa kahawa aliyekuwa akigombea, alisema kwenye kila mkutano kwamba watu wa kutoka ng'ambo ya mpaka wamejaa, ardhi imekwisha na hakuna anayejua nani ni nani. Mwalimu Twaibu, mstaafu anayeheshimika, alisimama kumpinga. Alisema wengi wa hao wanaoitwa wageni aliwafundisha kusoma yeye mwenyewe, na baba zao walizaliwa hapahapa.

Kagaruki alishinda. Kamati ya uhakiki ikaundwa, yeye mwenyekiti, Mwalimu Twaibu mjumbe wa upande ulioshindwa. Kipimo walichokipitisha kilikuwa cha Kihaya kabisa. Kila mwenye kaya aonyeshe kaburi la baba na kaburi la babu. Asiyeweza anaingia kwenye orodha, na hatoki nje ya kata bila kibali hadi shauri lake liamuliwe na ofisi mjini Bukoba.

Siku ya kupitisha jambo hilo mkutanoni, Mujuni alikuwepo. Alipiga kura gani?

"Nilinyoosha mikono yote miwili," anasema, na kicheko kinachomtoka hakina furaha hata chembe. "Nilikuwa na baba kaburini na babu kaburini, wote nimewajengea mimi. Ningeogopa nini?"

Kamati ikamfanya mtaalamu wake. Nani mwingine angejua umri wa kaburi kwa kulitazama? Alizunguka nao wiki tatu, akikwangua saruji kwa msumari na kunusa. Nyumbani kwa mjane Vestina alikuta kaburi lililopakwa tope na majani ya migomba yaliyooza ili lionekane la zamani. Alikwangua kidogo tu. Saruji ilikuwa haijamaliza mwezi, na ndani hapakuwa na mtu. Alisema alichokiona, na Vestina akaingia kwenye orodha.

"Nilijiona nimefanya kazi yangu. Alikuwa akiuza ndizi Bukoba kila Jumamosi. Hajaenda tena."

Zamu ya Mujuni ilipofika, alivaa koti la kanisani. Kaburi la baba yake, mzee Elieza, liko nyuma ya nyumba, na maandishi alichonga kwa mkono wake mwaka 2006: Alizaliwa Izimbya. Kamati iliitikia kwa kichwa, ikaridhika. Kisha wote wakapanda gari kwenda Izimbya kumwona babu.

Babu huyo ni mzee Kaijage. Tangu utotoni, kila Desemba, Elieza alimpeleka Mujuni kupalilia kaburi hilo. Wakimaliza walikula ndizi nyumbani kwa Ma Kokubanza, mke wa mwana wa Kaijage, ambaye Mujuni alimjua kama mama mkubwa. Mwaka 2011 alilijenga upya kaburi hilo bila kudai hata senti.

Ma Kokubanza sasa ana zaidi ya miaka themanini. Alitoka na mkongojo wake, akakaribisha wageni kwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo ada. Kagaruki alikuwa ameshafungua daftari. Lilibaki swali moja la kukamilisha utaratibu.

"Ma, huyu Mujuni ni mjukuu wa aliyelala hapa?"

"Eee waitu, ni mjukuu wake," bibi alijibu. "Tena mjukuu kuliko hao wa tumboni. Ni wa omukago."

Mujuni anakumbuka kwamba hata yeye alidhani bibi amechanganyikiwa kwa uzee. Lakini bibi hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anajivuna. Akasimulia yote mbele ya kamati, mkono wake ukiwa juu ya marumaru, kwamba Elieza alifika mwaka 1962, kijana wa miaka ishirini, kwa miguu, mguu mmoja umevimba, akikimbia mauaji ng'ambo ya mto wa mpakani. Kaijage alimpa pa kulala. Baada ya mavuno mawili, mwana wa Kaijage, mume wa bibi huyu, na Elieza walikula omukago, ule undugu wa kuchanjiana. Walichanjwa kitovuni, punje mbili za kahawa za tunda moja zikapakwa damu, kila mmoja akameza yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo, Kaijage akawa na wana wawili.

"Ndugu wa tumbo moja anaweza kukuacha," bibi alimwambia Kagaruki. "Wa omukago akikuacha anakufa. Andika hivyo, mwanangu."

Kagaruki aliandika. Mujuni, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliisoma kalamu ikitembea: Baba, mkimbizi. Babu, hakuna.

"Nilikaa juu ya kaburi. Mimi, ambaye humfokea mtu akikalia kaburi nililolimaliza! Miaka arobaini na sita nimekuwa mtu mmoja, na ndani ya dakika tano, mbele za watu, naambiwa mimi ni mwingine. Baba hakuniambia. Hata akiwa anakata roho hakuniambia."

Ukimtazama anaposema hayo unaona bado hajaamini. Anarudia rudia, "Hakuniambia," kama mtu anayepapasa mifuko yote akitafuta ufunguo. Na yale maandishi ya kaburi la baba?

"Herufi nilizipima kwa rula. Uongo umenyooka, hauna kasoro."

Palepale kibanjani ugomvi ulizuka. Mwalimu Twaibu alitaka familia ya Kaijage isaini kwamba Mujuni ni ndugu yao, ili karatasi hiyo iende na shauri. Ma Kokubanza alidai wino apige dole gumba mara moja. Mwanawe Mwesiga, anayelima kibanja hicho, akakataa.

"Mujuni namheshimu, na kaburi hili alitujengea bure, sisahau," Mwesiga anasema anapoulizwa. "Lakini mama anafikiria mambo ya zamani. Mimi nina ekari moja na nusu na wana wanne. Nikisaini leo kwamba ni ndugu, kesho wanawe wanadai sehemu. Nani atanihurumia?"

Kagaruki naye hapepesi macho. Anasema haoni aibu kwa alichoandika. "Mzee Elieza alikuwa mtu mwema, nilimjua. Lakini kama tunamwacha huyu kwa sababu ni mwema na yule kwa sababu analia, orodha ya nini? Wakimbizi wakitembea bila utaratibu, siku ikitokea shida mtasema diwani alikuwa wapi. Kibali si jela. Ni karatasi tu."

Maneno hayo yanampandisha Mwalimu Twaibu hasira. "Karatasi tu! Mwambie aishi nayo yeye wiki moja. Tumekaa watu wazima tukapima uraia wa mtu kwa saruji. Aliye na hela akabandika marumaru akapita, maskini aliyemzika babu yake chini ya majani akaonekana mgeni. Nami nilikuwemo kwenye kamati hiyo. Naona haya."

Nyumbani, mke wa Mujuni, Agnetha, anapanga vyombo vya ufundi ambavyo havina pa kwenda. Yeye ni Mhaya wa Nyanga, kaburi la babu yake lipo na la baba wa babu lipo. Lakini kwenye fomu, watoto wao watatu wameandikwa kwamba wanasubiri uamuzi wa shauri la baba.

"Mkubwa amechaguliwa chuo cha ualimu huko nje ya mkoa," Agnetha anasema. "Ataondoka vipi? Kila nikimwangalia nashindwa hata kumwambia ale."

Na Vestina? Mujuni alimkuta kwenye foleni ya vibali, siku ya kwanza kwenda kuomba. Alijiandaa kutukanwa. Mjane huyo alisogea kwenye benchi, akampa nafasi, akamuuliza habari za nyumbani. "Angenitukana ningelala vizuri," anasema Mujuni. "Nilimwomba msamaha. Akaniambia, kaburi lile lilikuwa baya kweli, ungelijenga wewe lisingejulikana."

Wiki iliyopita, hatimaye, barua ilitoka. Shauri lake litasikilizwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, mjini Bukoba. Asipofika, linafungwa na anabaki kwenye orodha. Siku hiyohiyo akapewa kibali cha kusafiri kwenda kwenye shauri hilo. Kinamruhusu kuwa nje ya kata Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Mwandishi alikisoma kibali hicho mara tatu, akidhani macho yanamdanganya. Tarehe ziko wazi, mhuri uko wazi. Mujuni alirudi dirishani kueleza. Akaambiwa kwamba siku tatu ni siku tatu, zinahesabiwa kama zilivyoandikwa, na kama hazimfai aombe upya. Maombi mapya ni siku kumi. Akikutwa nje ya kata na kibali kilichokwisha, ni kosa, na kosa hilo linatosha kulitupa shauri.

Agnetha alilia. Alipomaliza kulia alichukua koti la kanisani akaanza kulipiga pasi.

Ma Kokubanza ametuma ujumbe kwamba atafika Bukoba siku hiyo, Mwesiga apende asipende, na dole gumba lake anakuja nalo. Mwalimu Twaibu ameahidi kumsindikiza.

Mujuni anapanda kutoka shimoni sasa, anajikung'uta tope magotini. Kuta za kaburi zimesimama wima. Anaulizwa atafanyaje. Anaosha mwiko kwanza, taratibu, kwenye karai la maji.

"Jumatatu nitapanda basi kihalali, kibali mkononi, nitalala kwa shemeji yangu Nyanga. Jumanne nipo kihalali. Jumatano nipo kihalali. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimeshakaa mlangoni pa ofisi yao, benchi la kwanza, wasihangaike kunitafuta barabarani. Nitakuwa na karatasi zote mbili, ile inayoniita na ile inayonikataza. Wakifungua mlango nitawapa zote. Waamue wao waanze na ipi."