Chale za Mwanamke wa Misheni

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, na njaa iliyovifuata ilikuwa imeanza kutuachia, mama yangu mdogo aliponichukua kutoka Newala kwenda kuuza nta Masasi. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Nta kwangu ilikuwa kisingizio tu. Nilichotaka kuona ni misheni. Nilisikia kwamba pale wanaishi watu waliotolewa utumwani, wa kila kabila, nikawa najiuliza wanasemezana kwa lugha gani, na binti zao wanachezwa unyago wa nani.

Tulipomaliza kuuza kwa Mhindi, nikamsihi mama mdogo tupitie huko. Kanisa lilichomwa wakati wa vita. Kuta zilikuwa zimebomoka nusu, nyeusi, bila paa, na wanawake walikuwa wakisomba mawe ya kulijenga upya. Mmoja wao, mtu mzima, alitua mzigo wake akanikazia macho mdomoni. Nilikuwa nimevaa ndonya, kile kipande cha mti tunachovaa wanawake wa Kimakonde kwenye mdomo wa juu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hiyo haikuumi?"

"Iliniuma zamani. Siku hizi nikiivua ndiyo nasikia baridi."

Akacheka, kisha akaniinamia. Juu ya mdomo wake palikuwa na kovu dogo la mviringo.

"Na mimi nilitobolewa. Nilikamatwa ningali mdogo. Kwetu sikujui, nakumbuka mto tu."

Mama mdogo, aliyekuwa akiniharakisha muda wote, akasogea. "Walikuchanja chale?"

Yule mama akatazama huku na huku, akateremsha kanga mgongoni. Mama mdogo akazipitishia kidole polepole, moja baada ya nyingine.

"Sisi wa juu hatuchanji hivi. Hizi ni za watu wa bondeni, kando ya Ruvuma, chini ya Newala."

"Ni mbali?"

"Ukishuka kutoka kwetu Newala alfajiri, jua likiwa la utosi umefika."

Yule mama akaketi juu ya jiwe alilokuwa amelibeba. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi safari ya siku chache tu kutoka kwao.

Baada ya mavuno akaja kwetu pamoja na binti yake mkubwa, tukashuka nao bondeni. Bibi mmoja alimkumbatia akilia, akasema ni mtoto wa dada yake. Jioni wakaja watu wa ukoo mwingine nao wakadai ni wao. Walibishana hadi sauti zikawakauka. Yeye akala kwa hawa, akalala kwa wale, na hakuna aliyemlazimisha kuchagua.

Mvua zilipokaribia akarudi Masasi. "Mume wangu amezikwa kule," alituambia, "na ukuta wa kanisa haujafika kwenye madirisha."

Binti yake ndiye aliyebaki. Aliolewa hapo hapo bondeni, na kila nilipopita kwake alinikaribisha kwa Kimakonde chenye lafudhi ya Masasi, watoto wake wakimcheka.