Vidole vya Dada na Mimba Zake

Miaka ile ya foleni za sukari, wanawake wa mtaa wetu pale Nyasubi waliitambua mimba ya dada yangu kabla hajamwambia mtu. Waliitambua kwa vichwa vyao.

Dada alikuwa msusi. Alisukia uani kwake, mteja amekaa mkekani katikati ya magoti yake. Lakini tangu ajifungue mtoto wa kwanza alipatwa na ugonjwa wa viungo. Asubuhi vidole vilivimba na kukakamaa, hata vifungo vya gauni akafungwa na mumewe. Siku hizo alimudu mistari minene tu, ile ya twende kilioni, nayo ikilegea upesi.

“Mayu, kila wiki twende kilioni,” jirani mmoja alilalamika, akimwita dada ‘mama’ kwa Kisukuma. “Kafa nani?”

Akishika mimba, baada ya miezi michache uvimbe ulinywea. Mistari ikawa myembamba, imekaza mpaka mtu anashindwa kufumba macho.

“Umenikaza hivi, wa ngapi huyo?” jirani yule yule aliuliza.

“Tulia, nisikutoboe sikio.”

Uani wakacheka, maana hakukanusha. Akijifungua, mtoto hajaanza kukaa, vidole vimekwisharudia hali yao. Wifi yake alisema ni kudeka: mwenye tumbo anasuka, mwenye kichanga hawezi kukamua nepi.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea historia. Nilikuja likizo na viatu vya raizoni, vya soli nene, visivyofaa mchanga wa Nyasubi, pamoja na nadharia: ni lishe, kwa kuwa mjamzito hulishwa vizuri. Nikamnunulia dada maini wiki nzima. Watoto wakanenepa.

“Msomi,” aliniambia, “nina watoto watano na sitaki wa sita. Lakini mikono naitaka. Kawaulize wenzako huko: naweza kupata vidole bila mtoto?”

Swali lile lilinisumbua kuliko mtihani wowote. Niliporudi chuoni nikamvizia daktari mmoja kijana aliyekuwa akila kantini kwetu. Alinieleza kwamba ugonjwa huo ni walinzi wa mwili kuvishambulia viungo vya mwili wenyewe. Wakati wa mimba homoni za kike hupanda sana, na walinzi hupoa, kwa sababu mtoto ni nusu mgeni na hatakiwi kufukuzwa. Akizaliwa, homoni hushuka, na walinzi hurudi na hasira zao. Huenda kupanda na kushuka huko ndiyo sababu wagonjwa wengi ni wanawake.

“Basi apewe hizo homoni,” nilisema, nikijiona nimemaliza kazi.

Aliweka kijiko chini. “Watu wamejaribu. Haziifikii mimba. Mimba ina mengine ambayo hatujayajua.”

Likizo iliyofuata nilimsimulia dada. Alisikiliza huku akijikanda viganja kwa maji ya moto.

“Kwa hiyo mwili wangu unamwonea haya mgeni,” alisema, “mimi mwenyewe unaning'ata.”

Kumbe hakuwa amenisubiri. Alikwishakwenda kliniki, na alikuwa anameza vidonge vya majira, vya kuzuia mimba. Nilikaribia kuruka: vidonge vile navyo ni homoni! Nikamwomba akunje vidole, avinyooshe, akunje tena.

“Hiki labda,” alisema. “Au ni kwa vile unakitazama sana.”

Nikaendelea kukitazama likizo nzima, na sikuona kitu. Siku moja jirani yule alikuja kusukwa, dada akamgawa kichwa mafungu manne.

“Mayu, hizi nywele au matuta ya viazi?”

“Matuta. Kaa.”

Fungu la kwanza lilipokwisha, jirani alilipapasa, akawageukia waliokaa uani.

“Limelegea. Hakuna mtoto.”

“Hakuna,” dada alisema. Akauma meno, akashika fungu la pili.