Kula Firigisi Yako, Mwanangu

Jumapili ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Mkate umetoka kuokwa sasa hivi, mafuta ya bata yanachemka sufuriani, na asali yetu ya Ugalla, ile nyeusi ya miombo, imewekwa katikati ya meza ya Wafaransa kama mgeni wa heshima. Na mimi hapo, binti wa Ilembo, sijaolewa bado, nimevaa gauni la kitenge alilonishonea mama, miguu imekufa ganzi kwa baridi.

Nilikwenda kikazi. Chama chetu cha warina asali kilikuwa kinatafuta wanunuzi nje, na mwenyekiti, Mzee Kasonta, alijua Kikonongo na Kiswahili basi. Mimi nilikuwa karani wa chama, nimemaliza fomu foo, na Kifaransa nilifundishwa na mama. Yeye alizaliwa Burundi, akasoma kwa masista kabla hajaolewa huku na babu yako. Ndiyo maana nikachaguliwa. Tukapanda treni hapa Mpanda, tukabadilisha Kaliua, mpaka Dar, halafu ndege.

Na nilikula, sikufichi. Wapo watu wakirudi kutoka Ulaya wanasema chakula cha Wazungu hakina ladha. Waongo. Mkate wao mrefu kama mchi, ukiuvunja ganda linapiga kelele, ndani laini, unapaka siagi mpaka unaona aibu. Jibini moja ilinuka beberu. Niliziba pua nikala, kesho yake nikaiulizia mwenyewe. Mzee Kasonta kila akimaliza sahani ananiinamia: "Binti, hebu waulize, ugali unakuja saa ngapi?"

Sasa Jumapili hiyo tulialikwa nyumbani kwa Madamu Odeti, mama mmoja mjane, mwenye duka la asali, mikono minene kama ya mtwangaji. Akatuletea sahani, mimi yangu na mzee yake. Majani mabichi, mafuta, siki kidogo, na juu yake vipande vya kahawia vinang'aa. Nikaangalia vizuri. Firigisi! Firigisi za bata, zimepikwa polepole kwenye mafuta yake mpaka zimelainika.

Unajua nyumbani kwetu ilivyokuwa. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Ikikosekana kwenye bakuli lake, hiyo ni kesi ya ukoo. Nilikuwa sijawahi kuitia mdomoni.

Mzee Kasonta akaona ninavyotazama. Akasogeza sahani yake karibu na yangu.

"Hizo zilete huku."

"Mwenyekiti, si na wewe umewekewa zako?"

"Zilete, nimesema. Huku si kwetu, lakini mimi na wewe ni wa kwetu. Ukila hiyo, baba yako nitamwambia nini?"

Madamu Odeti akauliza, mzee anasemaje? Na mkalimani nani? Mimi. Nikamwambia bila kupunguza: anasema kwetu hii ni ya wanaume, nimpe yeye. Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaacha kucheka. "Mwambie, kwenye nyumba hii anayepika ndiye anayegawa. Na mimi nimempa msichana."

Nikamtafsiria mzee, tena kwa sauti ya kusikika. Akanuna. "Sawa, kula. Lakini safari nyingine hutanifuata."

Nikala. Laini, ina chumvi yake, inatafunika taratibu, utamu unakuja nyuma. Nilikula ya kwanza kwa kiburi. Ya pili niliila polepole, maana nilimkumbuka mama, mwanamke aliyeosha firigisi, akaimenya, akaikaanga tangu aolewe, akaiweka kwenye bakuli la mtu mwingine.

Niliporudi nilimkuta jikoni anapepeta mchele. Nikamsimulia yote, mkate, jibini, baridi. Nilipofika kwenye firigisi akasimamisha ungo.

"Ulikula?"

"Nilikula, mama."

Akachungulia mlangoni kama baba yupo. Akanong'ona, "Ikoje?"

Mwanangu, swali hilo bado linaniuma. Nikamweleza. Akacheka kidogo, akaendelea kupepeta. Mzee Kasonta alitimiza neno lake, safari iliyofuata walimpeleka mtu mwingine. Kwa hilo sikulia. Mama alifariki mwaka ule nilioolewa, hajaonja, na mimi nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kumpikia. Kwa hilo nililia.

Ndiyo maana jana nimepiga kelele mpaka majirani wakaja. Una miaka minne, umenyoosha mkono kwenye bakuli uchukue firigisi, bibi yako, mama yake baba yako, amekupiga vidole kwa mwiko. "Acha hiyo, ni ya baba yako! Mtoto wa kike mlafi ataolewa na nani?" Na baba yako akaimega nusu, anatafuna. Nikaichukua nusu iliyobaki nikakulisha mbele yao wote. Sasa wakwe wameamua nipeleke jogoo, nipige magoti, niombe radhi kwa kumpandishia mama mkwe sauti.

Nitapeleka. Sauti nilipandisha kweli, na yule ni mkubwa wangu. Lakini jogoo nitampika mwenyewe, na firigisi nitaiweka kwenye sahani ya bibi yako. Naye hajawahi kuionja, nimeshamuuliza. Akiikataa ni hiari yake, ila atakuwa amepewa.

Wewe sikufundishi ulafi, wala kumdharau mkubwa. Nakufundisha hivi: kazi ikikupeleka nchi za watu, kaa mezani kwao, onja, uliza kinaitwaje, furahi. Ukipika, jipakulie na wewe. Mtu akikwambia sehemu fulani si yako, muulize nani alisema, kwa adabu, lakini uliza. Na kama mama yako bado yupo, usingoje siku nzuri. Mpikie leo.

Mungu akukuze, mwanangu. Akufikishe mbali kuliko treni yetu, akupe meno mazima na watu wa kula nao. Na mkono wako ukiunyoosha kwenye bakuli, asitokee tena wa kuupiga.