Barua ya Uzoefu ya Mwalimu Wetu

Mwalimu wetu wa skuli ya usiku alikuwa na digrii ya ng'ambo, na digrii hiyo ilikuwa ghali kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia kijijini kwetu Shumba, ng'ombe wote ukiwatia humo. Baba yake aliuza shamba zima la mikarafuu ili binti akasomee kilimo. Watu hawakumwacha mzee. "Miti yote ile imekuwa karatasi moja!" walimtania kila alipopita. Naye binti karudi, kakaa mwaka na zaidi bila ya kazi, akaamua kutufundisha hesabu sisi watu wazima kumi na wanne tuliokuwa tukiurudia mtihani wa kidato cha nne. Mshahara hakuwa nao. Siku nyengine tulimletea pweza.

Mimi ni mwashi. Nyumba zangu zimesimama, alhamdulillahi, lakini asilimia zilinitisha kuliko majini yote ya Pemba. Mtihani nilishaufeli mara mbili, ila nyumbani nilikiri mara moja tu.

Mwalimu alinikalisha mbele, akamwaga karafuu mbichi mezani. "Fundi, pishi tatu zikikauka hubaki ngapi?"

"Moja."

"Basi zilizopotea ni ngapi kwa mia?"

Nilihesabu vidole mpaka nikaota ndevu. Yeye akangoja. Hakucheka, hakuangalia saa. Akanigawia zile karafuu mafungu matatu, polepole, na siku ile ndipo nilipoiona asilimia kwa macho yangu: sitini na sita na ushei. Nilitaka kumkumbatia kila mtu barabarani.

Kisha ikatoka nafasi ya kazi mjini Chake, ya kuwafundisha wakulima. Mwalimu alikwenda kwenye usaili, akarudi uso umemshuka.

"Digrii wameipenda, wameipokezana kama mtoto mchanga. Halafu wakaniuliza, uzoefu uko wapi? Wanataka barua ya watu niliowahi kuwafundisha."

"Kwani sisi mbuzi?" akadakia bibi mmoja muuza vitumbua, mwanafunzi mwenzetu.

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mwandiko wangu mzuri.

"Na akiipata kazi," nikasema, "mtihani tutakwenda na nani?"

"Yakhe, andika!" bibi akanikemea. " Mtoto wa watu aozee hapa kwa ajili ya hesabu zako?"

Nikaandika kurasa tatu. Nikasema amesomesha nusu ya Pemba, kwamba kutoka Kiuyu mpaka Makangale hakuna asiyemwombea dua. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu akapiga mistari ukurasa baada ya ukurasa.

"Fundi, hawa watapiga simu. Andika lililo kweli."

La kweli lilikuwa fupi, na liliuma. Kwamba mimi, mwashi, niliufeli mtihani mara mbili. Kwamba sasa asilimia nazijua, na aliyenifundisha hakunicheka hata siku moja. Nikatia saini na namba ya simu, nikaisoma mbele ya darasa.

"Mara mbili?" bibi akaruka. "Mkeo kanambia mara moja!"

Wiki ya pili simu ikalia nikiwa napiga lipu ukuta wa watu.

"Wewe ndiye uliyefeli?" Sauti ya mtu mkubwa wa ofisi.

"Ndimi, bwana mkubwa."

"Wakulima arubaini wamealikwa, thelathini wamefika. Asilimia ngapi?"

Jasho lilinitoka la kutosha kuchanganyia saruji. Kazi ya binti wa watu ilikuwa mdomoni mwangu. Nikachukua msumari, nikachora kwenye lipu mbichi, mafungu manne, nikafuta moja.

"Sabini na tano."

"Ahsante, fundi," akakata.

Siku tatu baadaye mwalimu aliingia darasani na halua. Hakuna aliyeuliza, tulipiga vigelegele, hata wanaume.

"Mwalimu, tuambie," nikasema huku natafuna, "ni ile digrii au ni sisi?"

"Bila ya digrii bahasha yangu wasingeifungua, Fundi. Baba hakukosea kuuza shamba, nami sitaki kusikia tena akitaniwa." Akafuta mikono, akashika chaki. "Kazi naanza baada ya wiki tatu. Zoezi la tisa, nani kalifanya?"

Hakuna aliyelifanya. Tukaanza.